Kumbe Yule Mama Ukutani ni Mkwe Wangu!

Mwezi huu sikuletei hoteli mpya wala ufukwe wa kwenda kupunga upepo. Nakuletea kisa cha jioni moja iliyonifanya nilale na mtu aliyenigeuzia mgongo hadi asubuhi. Na chanzo hakikuwa nyumba ndogo wala meseji kwenye simu. Chanzo kilikuwa picha.

Ilikuwa hivi. Ijumaa moja baada ya kazi tulikwenda kwenye maonesho ya picha za maisha ya mjini, hapa hapa Dar. Kiingilio bure, juisi bure, watu wamependeza. Ukutani picha kubwa kubwa: kondakta ananing'inia mlangoni, fundi cherehani chini ya mwembe, watoto wanacheza mpira kwenye madimbwi, machinga kabeba viatu begani. Na mimi nimo, glasi mkononi, najiona mjuzi. Nikasimama mbele ya picha ya mama mmoja anakaanga samaki pale Feri. Macho kayafumba nusu, jasho linamtiririka, mtandio umelegea. Chini wameandika "Muuza samaki, Dar es Salaam", na bei kwa dola.

Nikamwita mwenzangu. "Hebu njoo umwone huyu mama alivyochoka. Yaani sura yake tu inakueleza mji huu unavyokula watu."

Akaja, akaangalia, akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Huyo ni mama mdogo."

Jamani! Mama mdogo wake, mdogo wa marehemu mama mkwe wangu. Ndiye aliyemlipia ada ya kidato cha tano na sita, kwa hela ya samaki hao hao. Mimi nilikuwa nimemwona mara mbili tu maishani, zote kwenye sherehe, kavaa gauni la kitenge lililodariziwa na hina mpaka kwenye viwiko. Nyuma ya karai la mafuta sikumtambua kabisa. Nikajaribu kujiokoa: "Lakini si picha nzuri?" Hapo ndipo nilipoharibu zaidi.

Njia nzima hatukuongea. Tulipofika nyumbani ndipo akauliza, "Angekuwa mama yako mzazi, ungemwita mtu amwangalie alivyochoka?" Nikamwambia asinionee, mimi nilimsifu kwa nia njema. Akasema, "Ulimsifu kama mtu anavyosifu kiti." Akageukia ukutani.

Usingizi uligoma. Nikiwa macho nikamkumbuka mpiga picha ninayempenda kuliko wote, Malick Sidibé wa Bamako, Mali. Nilikuwa nimezitazama picha zake miaka na miaka, ila usiku ule ndio nilielewa kwa nini zinanipa furaha badala ya huruma.

Sidibé alikuwa na studio yake katika mtaa wa Bagadadji, nyakati ambazo Mali ilikuwa ndiyo kwanza imepata uhuru wake wa mwaka 1960. Vijana wa mjini walikuwa na klabu zao za muziki, na wikiendi ilikuwa ni kujirusha. Yeye alikuwa anazunguka na baiskeli, kamera yake na flashi, usiku mmoja anapitia sherehe kadhaa. Picha yake inayojulikana sana, *Nuit de Noël* ya mwaka 1963, ni ya kijana na binti wanacheza, vichwa vimekaribiana, binti yuko peku. Ukiiangalia unatamani kuwahi viatu vyako utoke.

Lakini sikiliza alichokuwa anafanya baada ya sherehe. Anarudi studio, anasafisha filamu, anachapa picha ndogo ndogo, anazibandika kwenye makaratasi magumu zikiwa na namba, kisha anazitundika nje. Mwanzoni mwa wiki vijana wanajazana pale kujitafuta. Mwenye hela anaagiza picha yake, asiye nayo anaangalia bure na kuwacheka wenzake. Kwa maneno mengine, maonesho yake ya kwanza yalikuwa barazani kwake, na wageni rasmi walikuwa wale wale waliomo kwenye picha.

Dunia ilikuja baadaye. Mwaka 1995 picha zake ziliwekwa Paris, kwenye ukumbi wa Fondation Cartier. Mwaka 2003 akapata tuzo ya Hasselblad, na mwaka 2007 akapewa Simba wa Dhahabu huko Venice kwa kazi ya maisha yake yote, Mwafrika wa kwanza kuipata. Alifariki mwaka 2016. Watu wa Paris walipokuwa wanazishangaa picha zile, wenyewe waliomo walikuwa wameshaziona zaidi ya miaka 30 kabla.

Kuna na habari ya mkubwa wake katika kazi, Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako mwaka 1948. Kwake mtu alikwenda amejipamba, na asiye na koti, saa au redio ya kupigia picha aliazimwa pale pale. Mwaka 1991 baadhi ya picha hizo zilioneshwa New York katika maonesho yaliyoitwa *Africa Explores*, bila jina lake. Mpiga picha hajulikani, ndivyo walivyosema. Mfaransa mmoja, André Magnin, akafunga safari hadi Bamako kumtafuta, akampata hai na mzima, mtu maarufu mjini kwake. Kumbe "hajulikani" wakati mwingine maana yake ni "hatukuuliza".

Na mimi je? Nilisoma "Muuza samaki" nikaridhika. Sikuuliza.

Asubuhi nikamwambia mwenzangu, "Twende tukamchukue mama mdogo akajione." Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali.

Jumapili tukamfuata kwake. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mkwe wangu, leo mmenikumbuka!" Alikuwa kavaa lile gauni la kitenge. Tukaingia ukumbini, tukamsimamisha mbele ya picha. Moyo ulikuwa unanidunda, nikijua akilia kosa ni langu.

Akaitazama muda mrefu. Kisha akapiga kofi. "Hee! Karai langu la zamani hili!"

Akatueleza kwamba anamkumbuka huyo kijana. Alimwonesha kamera kwa mbali, naye akamwitikia kwa kichwa maana mikono ilikuwa na kazi. "Ila sikujua nitakuwa mkubwa hivi." Nikajikaza nikamuuliza, "Mama, siku hiyo ulikuwa umechoka sana?"

"Nichoke na nini? Huo ni moshi umeniingia machoni, kuni zilikuwa mbichi. Siku ile nilimaliza beseni mbili kabla ya adhuhuri, nikaenda kwenye kikoba kifua mbele."

Mpenzi msomaji, nilitamani ardhi ipasuke. Uchovu wote ule niliousoma usoni kwake nilikuwa nimeuleta mwenyewe kutoka ofisini.

Mpiga picha alikuwepo, kijana mpole tu, akaja anajikuna kichwa. Mama mdogo hakumgombeza. Alichotaka ni kurekebisha maandishi. "Kwanza mimi si muuza samaki. Muuza samaki anauza wabichi. Mimi nakaanga." Kijana akatoa kalamu, akafuta, akaandika upya mbele yetu: jina lake kamili, kisha "mkaanga samaki, Feri". Akamuahidi nakala, na wiki iliyofuata akaipeleka ikiwa kwenye fremu. Mama mdogo akamwambia, "Sasa unipige na nyingine, nimevaa." Leo ile ya gauni iko sebuleni kwake, ile ya Feri iko chumbani.

Tulipokuwa tunaondoka ndipo alinigeukia. "Mkwe wangu, mbona hujawahi kuja Feri hata siku moja?"

"Sijawahi kuletwa, mama."

Mwenzangu akaangalia chini. Miaka mitatu ya ndoa ananisimulia habari za mama mdogo, lakini hajawahi kunipeleka pale kwenye moshi. Usiku alikiri mwenyewe: alihofia ningemwonaje mama yake, mimi mtoto wa ofisini. Na kwa jinsi nilivyosema siku ile ukumbini, hofu yake haikuwa ya bure. Nilimwomba radhi, naye akaniomba. Jumamosi iliyofuata tulikula changu Feri, wa moto, pilipili pembeni.

Sisemi msiende kwenye maonesho ya picha. Nendeni! Ni mtoko wa bei nafuu na unawapa cha kuongea kuliko filamu. Nawasihi tu muangalie kwa adabu. Wenzetu Kenya walionesha mfano mwaka 2009, Boniface Mwangi na wenzake walipozitoa picha za vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 wakazitembeza miji mbalimbali, wakaziweka nje barabarani na kuziita Picha Mtaani. Picha zilirudi kwa watu zilizowahusu, wakaziangalia na kubishana wenyewe.

Kwa hiyo mkisimama mbele ya picha, someni maandishi ya chini. Kama mpiga picha yupo lakini jina la aliyepigwa halipo, muulizeni: huyu ni nani, na je, ameiona? Mkiwa wawili, kila mmoja aseme anachokiona kabla ya kubishana. Utashangaa mtu unayelala naye anaona nini.

Na nyumbani nako usijifanye hayakuhusu. Kabla hujamweka mwenzi wako kwenye status amelala mdomo wazi, muulize. Kabla hujampiga mama yako jikoni uwaoneshe marafiki "maisha halisi", muulize kama angependa kwanza abadili nguo. Kisha chapisha picha, mpe mkononi. Simu zetu zimejaa sura za watu ambao hawajawahi kujiona.

Mama mdogo nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. Akasema, "Andika, ila jina langu liache pale pale ukutani, watu wakitaka wakalisome huko." Nimetii.

Tukutane mwezi ujao.