Nani alisaini, na kijiji kimekimbia?

Ndugu wahami, jambo hili ni lenu kwanza. Kwenye barabara ya Mambasa, Biakato, Mangina hadi Beni, malori ya mbao yanapita, mengine yanavuka Kasindi kwenda Uganda. Ukimuuliza mwenye mbao, anatoa karatasi: “Niko na permi.”

Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 haimkatazi raia wa kawaida kupasua mbao. Lakini permi hiyo ni ya Mkongomani aliyekubaliwa na gavana wa jimbo, eneo lisizidi hekta 50, na kabla ya kuwasha mashini lazima apatane kwa maandishi na wenyeji wa msitu. Wenyeji! Sasa baba yuko Oicha kwa shemeji, mama analala darasani Mambasa, wazee wametawanyika. Mapatano hayo yalifanyika na nani? Mlikutana chini ya mti gani?

Wengine wananijibu: shefu alisaini, inatosha. Haitoshi. Shefu anachunga ardhi ya wote, haitoi peke yake akiwa ugenini kama ninyi. Na mbuzi na mifuko ya chumvi iliyotolewa, nani alikula?

Ofisi ya mazingira ya jimbo isimamishe kila permi ya kijiji kilichohama mpaka watu warudi, ama iwafuate huko waliko. Isiseme hawajulikani. Siku ya kugawa unga majina yao yanasomwa moja moja. Siku ya kusaini ndiyo wanapotea?