Wakaguzi wakija shuleni, wewe mzazi uko wapi? (Sehemu ya 6)

Nimetoka zamu ya usiku na usingizi wenyewe wa masaa matatu, lakini hili sitaki lipoe.

Wiki hii kaja mama na binti yake wa darasa la tano. UTI, mara ya tatu mwaka huu. Nikamuuliza mtoto taratibu, shuleni unakojoa mara ngapi? Akainama. "Siendi, choo hakina mlango." Na ili asibanwe, maji hanywi mpaka arudi nyumbani saa kumi. Mama yake akashangaa kweli: "Mbona wakaguzi walikuja juzi tu na shule ikasifiwa?"

Sasa tuelewane hapo. Hao tuliozoea kuwaita wakaguzi siku hizi ni Wathibiti Ubora wa Shule, wako chini ya Wizara ya Elimu. Wakija kwa tathmini ya shule nzima hawaangalii matokeo ya mtihani peke yake. Wanakaa darasani mwalimu akifundisha, wanapekua maandalio ya masomo na madaftari ya watoto, wanaangalia uongozi, mazingira, afya na usalama, hata jinsi shule inavyoshirikiana na wazazi. Vyoo vimo. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Wakimaliza wanaandika ripoti yenye mapendekezo.

Na hapo kwenye mapendekezo ndipo ninapogombana na huu utaratibu. Mthibiti anaandika, hajengi. Shule za serikali za msingi na sekondari zinaendeshwa na halmashauri, chini ya TAMISEMI. Yaani daktari kaandika dawa, lakini duka la dawa ni la mtu mwingine, na mgonjwa hajaonyeshwa cheti. Nani atafuatilia? Mwalimu mkuu? Huyo huyo ndiye aliyekaguliwa, na bosi wake yuko halmashauri.

Halafu kuna lile la kujiandaa. Nisiwe mnafiki, hata sisi wodini tukisikia wageni wa wizarani wanakuja, mashuka mapya yanatoka stoo ambayo jana ilikuwa "haina kitu". Shuleni ni hivyo hivyo. Watoto wanafagia, ndoo ya maji inawekwa mlangoni mwa choo, kesho yake ndoo imerudi ofisini. Siwalaumu sana walimu, mwenye darasa la watoto mia na zaidi ana yake ya kutosha. Ila mtu anayekuja siku chache kisha asionekane kwa muda mrefu hawezi kuiona siku ya kawaida ya mwanao. Wewe unaweza. Mtoto anarudi kwako kila siku.

Tangu elimu bila ada ianze 2016 wengi wetu tumejitoa. "Serikali imesema bure, itajua yenyewe." Jamani! Kilichoondolewa ni ada, wewe hujaondolewa. Kila shule ya msingi ya serikali ina kamati ya shule, na wazazi wamo. Nenda kwenye mkutano, usimtume dada wa kazi akasaini mahudhurio. Uliza, kwa adabu lakini mbele za watu: mara ya mwisho tulithibitishwa lini? Ripoti ilisema nini kuhusu vyoo na maji? Kipi kimeshafanyika, na kipi tumeandikia halmashauri? Barua ikiwepo, omba isomwe. Isipokuwepo, iandikwe siku hiyo hiyo, na nakala ibaki kwa kamati.

Najua wapo watakaoniambia mzazi anayeuliza sana mtoto wake anaandamwa. Inatokea, sikatai. Ndiyo maana msiende mmoja mmoja. Akina mama watano wakiuliza swali lile lile, mwalimu ataanza kumwandama nani?

Yule binti kapewa dawa na tumekubaliana maji anywe. Mama yake kaniambia mkutano wao wa wazazi ni Ijumaa, na ameshawapigia simu majirani watatu.

Sehemu ya 7 nitaongelea hedhi na watoto wa darasa la sita, maana maswali yenu inbox yamejaa. Nyie wa mikoani, niandikieni hapo chini: shuleni kwenu ripoti mmewahi kusomewa?