Usimalize Kulipa Kabla Jiko Halijawaka

Ukipita Maungu jioni, kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, utaona malori yameegeshwa na madereva wanatafuta chai, chapati na mahali pa kunyoosha miguu. Si ajabu mtu akiona chumba kitupu kando ya barabara akapiga hesabu ya kufungua hoteli.

Dada yangu alipiga hesabu hiyo. Akaagiza vifaa kutoka Mombasa: jiko la gesi la vichwa sita, kikaangio cha chipsi cha umeme, friji kubwa ya milango miwili na sinki. Muuzaji akamwambia akilipa zote mapema ataletewa bure. Akalipa. Siku ya gari kufika, friji haikupita mlangoni, kikaangio hakikuwa na laini yake ya umeme, na maji yalikuwa hayajavutwa. Fundi akangoja saa mbili, kisha akasema, "Mama, mimi nimefika, nyumba ndiyo haijafika." Akarudi Mombasa. Kumwita tena kukawa na gharama mpya, na dada hakuwa na cha kumshikia muuzaji. Pesa zote zilikuwa zimeshatoka.

Wengi tuliposikia tulimlaumu muuzaji. Mimi naona hivi: nguvu ya mnunuzi iko kwenye malipo ya mwisho, lakini nguvu hiyo unaipata tu kama upande wako uko tayari. Ukimzuilia mtu pesa huku chumba chako hakina maji wala umeme, atakuuliza kosa lake ni lipi, na hutakuwa na jibu.

Kwa hivyo kabla ya kutuma hata shilingi ya kwanza, chukua futi ya kupimia. Muulize muuzaji upana, urefu na kina cha kila kifaa, halafu pima mlango, kona na mahali kitakapokaa. Mlango ukipungua sentimita tano tu, utabomoa ukuta.

Halafu umeme. Soketi ya kawaida hapa Kenya ni ya ampea 13, na kwa volti 240 inabeba takriban wati 3,100. Kikaangio cha wati 6,000 kinavuta ampea 25. Hicho kinataka waya mnene na swichi yake peke yake, na vifaa vikubwa zaidi huenda vikataka umeme wa fezi tatu. Mpe fundi wa stima mwenye leseni orodha ya vifaa mapema, si siku gari linapoingia.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inalala chini, haipandi. Weka mitungi nje, mahali penye hewa, na uhakikishe jikoni kuna matundu ya hewa karibu na sakafu, si madirisha ya juu peke yake.

Maji nayo watu wa Maungu hawahitaji kufundishwa. Bomba la Mzima limepeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950, na bado huku kwetu kuna siku mfereji unatoa upepo. Tangi lililoinuliwa liwe limejaa kabla fundi hajaja, la sivyo atajaribu sinki na nini? Na maji machafu ya sinki yapitie kwanza kwenye shimo la kunasa mafuta, yasije yakaziba bomba lote.

Sasa pesa. Gawa malipo mara tatu: kianzio wakati wa kuagiza, sehemu ya pili vifaa vikifika na umevikagua, na ya mwisho baada ya kila kitu kufungwa na kuwashwa mbele yako. Andikeni makubaliano hayo, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa inampa mnunuzi nafasi ya kukagua alichoagiza kabla ya kuhesabiwa amekikubali. Itumie nafasi hiyo. Friji mpya iache isimame wima saa kadhaa baada ya safari kabla ya kuiwasha, kwa hivyo usikubali kuharakishwa na dereva anayetaka kugeuza gari.

Jua pia kikomo chako. Kwenye M-PESA muamala mmoja hauzidi KSh 250,000, na kwa siku huwezi kuzidisha KSh 500,000. Wengine wanaona hicho ni kizuizi. Mimi naona ni ukumbusho: pesa nyingi hivyo haifai kutoka kwa pumzi moja.

Lipa kwenye till au paybill ya biashara. Usilipe kwenye namba ya dereva wala ya "kijana wetu wa ofisi". Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, na ujumbe wa kuthibitisha usiufute. Kumbuka, kurudishiwa pesa uliyotuma kimakosa ni jambo moja. Pesa uliyolipa kwa hiari yako ni ugomvi mwingine, na hautatuliwi kwa kubonyeza simu.

Hoteli ya dada sasa inafanya kazi. Hivi majuzi alinunua friza. Alipima mlango kwanza, akalipa nusu, na nusu nyingine akaituma alipoona barafu.