Ziwa likifungwa, moteri nayo ifungwe vizuri

Kutoka tarehe 15 mei mupaka 15 agosti, uvuvi unafungwa kwenye ziwa Tanganyika. Sisi ma-agronome tulielezea koperative sababu yake: samaki wapate kuzaa. Juu ya moteri hatukusema kitu, na hapo tulikosa.

Moteri yenye kusimama miezi tatu bila kutayarishwa inaharibikia ndani. Esanse inakauka ndani ya karbiratere na kuacha gundi. Silinda zinashika kutu. Mwezi wa nane munavuta kamba mupaka bega linauma, kisha koperative inakopa pesa ya fundi mbele ya kupata hata ndagala moja.

Kazi yenyewe haimalize nusu siku. Moteri ikiwa bado ndani ya maji, iwasheni, muchomoe mupira wa esanse, na mbele izimike mumwangie mafuta ya 2T kidogo kidogo kwenye mulango wa hewa. Itatoa moshi mingi, musiogope. Ikizimika, mufungue mabuji, mutie kijiko kidogo cha mafuta katika kila silinda, muvute kamba polepole mara ine ao tano, murudishe mabuji. Mafuta ya gia yakitoka meupe sawa maziwa, maji imeingia: fundi aitwe sasa, si agosti.

Wengine wanasema 2T ni bei. Ni kweli, lakini chupa moja inatosha. Pistoni mupya, je? Kwa maoni yetu, hiyo pesa itoke mbele ya kugawanya mauzo ya usiku wa mwisho. Mukiisha kugawanya, hakuna mutu atarudisha.