Jangwa Si Tupu: Mwana-Eastlands na Safari ya Loiyangalani

Aghalabu mwanafunzi aliyelelewa katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, iwe Kaloleni, Buruburu au Dandora, huidhania kaskazini mwa Kenya kuwa jangwa tupu. Neno hilo "tupu" linastahili kuchunguzwa, kwa maana lugha humtangulia msafiri safarini.

Msafiri anayepitia Maralal na South Horr hupita katikati ya mawe meusi ya volkeno kabla ya kufika Loiyangalani, mji mdogo ulioko kusini mashariki mwa Ziwa Turkana. Maji ya ziwa yana magadi, lakini mjini hububujika chemchemi za maji matamu zilizozungukwa na mikoma. Katika Kisamburu, jina la mji lina maana ya mahali penye miti mingi. Mgeni huona ukame. Mwenyeji aliona miti, akapaita hivyo.

Kupaita mahali patupu si kosa la msamiati tu. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo katika maeneo yenye rutuba na mvua, kaskazini ikaachwa nyuma. Baadaye upepo wa huko ulipata bei. Mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310 ilijengwa karibu na Loiyangalani, na umeme wake ukaanza kuingia katika gridi ya taifa mwaka 2018. Mwaka 2021 mahakama mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilitolewa kinyume cha sheria. Ardhi inayodhaniwa haina watu huwa nyepesi kuandikiwa hati.

Mkazi wa Eastlands hana udhuru wa kutolielewa jambo hili. Mitaa yake nayo husimuliwa na wasioishi humo kwa maneno mawili, uhalifu na taka. Achukiaye kusimuliwa na mpita njia asiwe mpita njia kwa wenziwe.

Wapo watakaosema kwamba safari hiyo ni ndefu na nauli ni mzigo kwa mwanafunzi. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, vyama vya Kiswahili vinavyochangisha fedha za ziara ya Pwani vinaweza, mara moja moja, kuielekeza ziara hiyo kaskazini. Huko Waturkana, Wasamburu, Warendille na Waelmolo huishi jirani, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha. Huko pia lugha asilia ya Waelmolo, ya jamii ya Kikushi, imekwisha kumezwa na Kisamburu. Mwanafunzi wa lugha inayoenea kwa kasi ana haja ya kuliona hilo kwa macho yake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyo na aende na daftari, aulize majina ya miti, ya pepo na ya samaki, ayaandike kama wenyeji wanavyoyatamka.