Mlango Mwembamba wa Mahakama ya Juu



Mtu aliyehukumiwa na Mahakama Kuu kwa mauaji hukata rufaa katika Mahakama ya Rufaa. Akishindwa huko, jamaa zake hutujia sisi mawakili wakiuliza: "Je, haipo Mahakama ya Juu?"

Ipo, lakini mlango wake ni mwembamba. Kifungu cha 163 cha Katiba ya 2010 chataka rufaa iwe inahusu tafsiri au utekelezaji wa Katiba, au iwe imethibitishwa kuwa na uzito kwa umma. Kulalamika tu kwamba shahidi alisema uongo hakutoshi.

Hata hivyo, mlango huo si wa bure. Tarehe 14 Desemba 2017, katika rufaa ya Francis Muruatetu na Wilson Mwangi, mahakama hiyo haikutamka kwamba hawakuua. Ilitamka kwamba sheria inayomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji, bila kumsikiliza ajitetee kuhusu adhabu, ni kinyume cha Katiba.

Basi enyi mnaozuru magereza, pamoja na sala na sabuni, pelekeni maswali. Je, mahabusu huyu amekutana na wakili kabla ya siku ya kesi? Hoja ya Katiba imetajwa tangu mwanzo? Akihukumiwa, ilani ya rufaa itawasilishwa katika siku 14? Maskini hapotezi haki yake kileleni. Huipoteza chini, tukiwa kimya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.