Kinanda ni cha pesa, mpigaji ni wa "Mungu akubariki"

Kwenye inboksi yangu kuna swali moja haliishi: "Bro, kanisa letu lataka kununua kinanda, tuchukue kipi?" Jibu langu wengi hawalipendi. Mimi nasema chukueni cha kati, halafu pesa inayobaki mlipe mpigaji na mfundishe wengine wawili. Hebu nieleze kabla hamjanirushia mawe.

Naongelea vile vinanda vyenye staili ndani. Wabonyeza kodi kwa mkono wa kushoto (kodi za muziki, sio za KRA), mashine yaongeza ngoma, besi na gita. Mtu mmoja awa bendi nzima. Ndio maana makanisa yavipenda, kuanzia huku kwetu Ganjoni hadi vile vikanisa vya mabati ng'ambo ya Likoni. Bajeti ya watu wanne hakuna.

Kununua sasa. Watu huangalia idadi ya sauti kwenye boksi. Wachana nayo. Yamaha PSR-E373 ina sauti zaidi ya 600, na Jumapili utatumia kama sita: piano, ogani, stringi na nyingine mbili tatu. Uliza noti ngapi zaweza kulia kwa wakati mmoja. E373 ni 48, E473 ni 64, PSR-SX600 ni 128. Ukiwasha staili, ukaongeza stringi na ukakanyaga pedali, zile 48 zaisha mbio, na noti za mwanzo zakatika watu wakiwa wamefumba macho. Halafu geuza kinanda uangalie nyuma. Ile E373 yatoa sauti kupitia tundu la hedifoni, kwa hivyo ukichomeka waya wa miksa, spika zake zanyamaza na mpigaji hajisikii. E473 ina matundu yake ya kwenda miksa.

Huko juu kabisa kuna Genos2, iliyotoka 2023. Funguo 76, sauti tamu ajabu, na haina hata spika zake. Kwa kanisa la watu mia, hiyo ni kununua lori la kubebea mkate.

Kipi pia mtakachonunua, shoneni kifuniko. Hewa ya kisiwani ina chumvi na unyevu, yala vyuma vya ndani pole pole. Na kichomekeni kwenye gadi ya stima kama ile ya friji, maana stima ikirudi kwa kishindo adapta ndio hufa kwanza.

Haya, kutumia. Staili haina masikio. Mama akianzisha pambio kutoka kitini kwake, hajakuuliza uko ki gani wala spidi gani. Ameanza tu. Na pambio la huku hupanda: laanza taratibu, kayamba yaingia, vigelegele, dakika tatu baadaye kila mtu amesimama. Mashine bado iko palepale, 110. Ama ujue kugonga TAP TEMPO, ama uzime staili upige kwa mikono yako miwili. Kuzima sio aibu. Mtu aliyesoma kweli utamjua hapo.

Jambo jingine, staili nyingi za kiwandani ni nne kwa nne, za Ulaya na Marekani. Sisi huku tuna mwendo wa sita kwa nane. Chakacha ni huo, hata asiyejua muziki aujua kiunoni. Ukibandika staili ya pop juu ya wimbo wa mwendo huo, umeunyoosha kama shati. Watu wataimba, lakini mabega hayatasonga. SX600 ina sehemu ya kutengeneza staili yako mwenyewe. Mwite mpiga kayamba Jumamosi, mfuate mdundo wake, uhifadhi. Ifikapo Jumapili kinanda chaongea lugha yenu.

Najua kuna wazee wasemao mashine hizi zimeharibu ibada. Mwaka 1903 Papa Pius X alikataza piano kanisani. Leo nani ashtuka akiona kinanda karibu na kwaya? Chombo hakina dhambi. Tazama taarabu ya kisasa: kinanda kiliingia, wapigaji wengi wakakosa viti. Kanisani ni hivyo hivyo. Basi kama kazi ya watu wanne yafanywa na mmoja, huyo mmoja angalau alipwe.

Na hapa ndipo penye uchungu. Kanisa moja nililopigia lilichanga kinanda kipya, kikawekewa kitambaa cha velveti na kufuli. Mwenzangu wa Bamburi akauliza nauli, akaambiwa hazina yake iko mbinguni. Sawa, lakini makanga yuko hapa chini. Mwenye hema hulipwa. Fundi wa spika hulipwa. Mpiga kinanda huombewa. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo nikisikia "hiki ni kipaji tu" najua maana yake: huna karatasi, huna bei.

Mwisho wake ni nini? Mpigaji mzuri ahamia harusi na mahoteli, na kinanda cha harambee chabaki na mtoto anayebonyeza demo.

"Lakini ni huduma, sio biashara." Nakubali ni huduma. Na pasta pia ahudumu, ila hatumwachi alale njaa.

Kwa hivyo shukeni modeli moja. Ile tofauti ya bei, mpeni mpigaji kitu cha kila mwezi, kiandikwe kwenye bajeti, sio bahasha ya huruma. Naye kila Jumamosi afundishe vijana wawili, na mmoja awe msichana, maana wasichana twawapa maikrofoni tu kana kwamba vidole hawana.

Harambee ikija Jumapili, kabla hujatoa noti yako, inua mkono uulize: nani atakipiga, na atapewa nini?